Samaki wanashuka basi wakiwa hai, alfajiri wamekufa

BARUA

Mjomba, assalaam aleikum.

Nimechoka kuzika samaki. Nina tangi la maji ya chumvi sebuleni hapa Kibuli, lita 300 hivi, na nililiacha lizunguke miezi kadhaa, bakteria wa kusafisha maji waote, kabla sijatia kiumbe. Chumvi natumia ile maalumu ya akwariamu, maji ya bomba nayapitisha kwenye mtambo wa kuchuja, hita inashika nyuzi 25 na kipimo cha chumvi kinasoma 1.026 (yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu). Ndani kuna mawe, kamba wawili wasafishaji na samaki mdogo wa buluu aliyetangulia kufika. Huyo yuko salama, anakula na kumfukuza yeyote anayesogelea jiwe lake. Nikipima amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, naona sifuri.

Shida ni wageni. Naagiza kwa muuzaji wa pwani ya Kenya. Kila samaki anafungwa peke yake kwenye mfuko wenye oksijeni, mifuko inapangwa ndani ya boksi la povu jeupe, boksi linapanda basi Mombasa na kunifikia baada ya usiku na mchana wa safari, wakati mwingine zaidi mpakani Malaba pakiwa na foleni. Mzigo wa mwisho ulikuwa na kangaja wa buluu, samaki vipepeo wawili, na wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye mstari mweupe mgongoni. Nilipofungua boksi wote walikuwa hai. Vipepeo walikuwa wamefifia rangi, basi.

Nikafanya kama wanavyofundisha kwenye video. Nikafungua mifuko, nikamimina samaki na maji yao kwenye ndoo safi, nikavuta mpira mwembamba kutoka tangini na kuufunga fundo ili maji yadondoke tone kwa tone. Wanasema usiwe na haraka, nami sikuwa na haraka. Taa zinawaka, watoto wamekaa chini wanatazama. Haikupita nusu saa kangaja akaanza kuhema kwa nguvu, mashavu yanafunguka na kufunga mbio mbio. Kipepeo mmoja akalala ubavu. Nilipowatia tangini walikwenda kujibanza nyuma ya mawe, na kwenye adhana ya alfajiri nikakuta wamebaki wale wa machungwa tu.

Nilimpigia muuzaji, akaapa kwamba samaki wake walikuwa wazima. Mimi nahisi ananiuzia wagonjwa, au waliovuliwa kwa sumu. Mama Rayyan anasema tuwaache viumbe wa Mungu baharini kwao, Uganda haina bahari. Sipendi kugombana na mke wangu juu ya jambo ambalo huenda yeye ndiye mwenye haki. Niambie ukweli, Mjomba: nani anawaua?

Baba Rayyan, Kibuli, Kampala

JIBU

Wa aleikum salaam, mpwa wangu, na pole sana.

Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni kwamba umeuziwa wagonjwa. Samaki mgonjwa kwa kawaida hakai mfukoni usiku na mchana akashuka basi anaogelea. Na sumu unayoiwaza, sianidi, habari zake zimetoka zaidi Ufilipino na Indonesia. Pwani ya Kenya wavuvi wa samaki wa mapambo huzamia na nyavu ndogo. Samaki wako walidhuriwa ndani ya ndoo. Ule utaratibu wa tone kwa tone unamfaa samaki aliyetoka dukani nusu saa iliyopita. Kwa samaki aliyesafiri kutoka Mombasa mpaka Kampala, ndio unaommaliza.

Nitakueleza kwa nini, maana ukishaelewa hili hutahitaji kukariri kitu. Samaki hutoa amonia mwilini muda wote, nyingi yake kupitia matamvua. Mfukoni amonia hiyo haina pa kwenda, inajilimbikiza saa baada ya saa. Lakini samaki huyo huyo anapumua na kutoa hewa ukaa, na hewa ukaa ikiyeyuka majini inashusha pH, yaani kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi. Maji ya bahari yana pH ya 8.2 hivi, mfukoni, baada ya safari ndefu, inaweza kushuka hadi 7 au chini yake. Hapo ndipo kinga yake ilipo: pH ikiwa chini, amonia karibu yote hugeuka kuwa amoniamu, na amoniamu haipenyi matamvua kirahisi. Samaki anakaa katikati ya uchafu wake mwenyewe na uchafu haumuui.

Sasa wewe unafungua mfuko na kuyamimina maji hayo kwenye ndoo pana. Hewa ukaa inatoka kama gesi ya soda iliyozibuliwa. Kisha unadondoshea maji ya tangi yenye pH ya 8.2. Kila pH inapopanda kwa namba moja, sehemu ya amonia kali huongezeka karibu mara kumi. Hakuna amonia mpya iliyoingia. Ni ile ile iliyokuwa mfukoni tangu Nakuru, ila sasa imegeuka sumu, na samaki ameachwa ndani yake saa nzima na zaidi. Kule kuhema ulikokuona ni matamvua yanayoungua. Mzigo ujao, chota maji kidogo ya mfuko uyapime kwa dawa ile ile unayopimia tangi. Kama dawa yako ni ile inayobaki manjano pasipo na amonia, utaiona inageuka kijani mbele ya macho yako.

Basi kanuni ni hii: kadiri samaki alivyokaa sana mfukoni, ndivyo anavyotakiwa kutoka upesi mara mfuko unapofunguliwa.

Najua utauliza habari ya chumvi, na una haki, maana ndiyo sababu ya watu kudondosha tone kwa tone. Samaki wa bahari anapoteza maji ya mwili wake kila dakika, kwa kuwa maji ya nje yana chumvi kuliko damu yake. Anafidia kwa kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Ukimtoa ghafla kwenye chumvi ndogo ukamtia kwenye chumvi kubwa, anakaukiwa ndani ya maji. Kumshusha ni nafuu zaidi kwake kuliko kumpandisha. Na wauzaji wengi huweka chumvi chini, 1.020 hivi, kwa sababu vimelea hupungua na chumvi yenyewe ni ghali. Anayetumia maji ya bahari kama yalivyo atakuwa kwenye 1.025 hivi. Wewe uko 1.026, na barua yako haisemi mfuko ulikuwa na kiasi gani.

Kwa hiyo usimlazimishe samaki kuzoea maji yako usiku ule wa uchovu. Yaandae maji yamfuate yeye. Kabla boksi halijapanda basi, mpigie muuzaji umuulize: kipimo chako cha chumvi kinasoma ngapi? Kisha andaa makazi ya karantini yenye chumvi hiyo hiyo na joto la nyuzi 25. Huhitaji kioo cha fahari. Beseni kubwa jipya la plastiki la lita 60 au 80 linatosha, mradi halijawahi kuonja sabuni. Tia hita, pampu ya hewa, na vipande vya mabomba ya plastiki vya fundi bomba ili samaki apate pa kujificha. Usitie mchanga wala mawe.

Kilicho muhimu kuliko vyote humo ni filta ya sponji, na sponji hiyo lazima iwe imekaa tangini kwako wiki nne au zaidi. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wanahitaji muda huo kuota juu yake. Sponji mpya kutoka kwenye pakiti haimsaidii samaki kwa lolote. Siku ya tatu utakuwa na amonia ile ile uliyoikimbia mfukoni. Weka pia karibu dawa ya kufunga amonia, ile ya chupa inayouzwa pamoja na ya kuondoa klorini.

Usiku wa boksi kufika, zima taa za sebuleni, uache mwanga wa mlango wa pili tu. Watoto watazame kesho. Usifungue mfuko. Uache uelee juu ya maji ya beseni kama ulivyofungwa, dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Mfuko ukiwa umefungwa pH haipandi, kwa hiyo muda huo haumdhuru. Baada ya hapo ukate, chukua tone moja la maji ya mfuko uweke kwenye refraktomita, kile kipimo cha chumvi. Tofauti ikiwa ndani ya 0.002, mhamishe papo hapo. Mfuko ukiwa na chumvi ndogo zaidi ya hapo, punguza ya beseni kwa maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa na kupashwa joto, ambayo utakuwa umeyaweka tayari kwenye ndoo ya pembeni. Dakika chache zinatosha kwa kazi yote hiyo.

Kangaja usimvue kwa wavu. Ana mwiba mkali pande zote mbili za shina la mkia, utanasa kwenye nyuzi, nawe utamrarua ukijaribu kumnasua. Tumia kikombe cha plastiki au kiganja kilicholowa. Maji ya mfuko yamwage chooni, hata tone lisiingie kwenye beseni wala tangini. Chumvi utaipandisha baadaye, 0.001 au 0.002 kwa siku, mpaka ilingane na tangi.

Kamba na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo ni habari nyingine. Wao chumvi ikibadilika ghafla inawaua upesi, kwa hiyo tone kwa tone ni haki yao. Ila wakitoka safari ndefu, tia kwanza ile dawa ya kufunga amonia.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havina sababu ya kulitaja, nalo linatuhusu sisi tunaokaa juu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina mgandamizo pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko ya Mombasa. Maji nayo hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Ongeza kwamba maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, karibu moja ya tano pungufu. Mfugaji wa sato wa Kajjansi na wewe hamko sawa: samaki wako wana akiba ndogo ya pumzi. Kwa hiyo pampu ya hewa kwenye beseni ifanye kazi usiku na mchana, uso wa maji uchemke kwa mapovu. Nunua pampu inayotumia betri, ya kuwaka yenyewe umeme ukikatika. Kwa hali ya Kampala hiyo naihesabu kuwa kifaa cha lazima kabla hujanunua samaki.

Na njiani je? Basi linalopita Nakuru na Eldoret kuelekea Malaba linapanda Timboroa, karibu mita 2,700. Mfuko uliofungwa Mombasa ukifika pale hewa yake inafutuka kwa zaidi ya theluthi. Ukiwa umejazwa mpaka ukakaza kama ulivyozoeleka kwa safari fupi, ama unapasuka ama fundo linavuja, na samaki anafika kwenye maji ya kina cha vidole viwili. Mwombe muuzaji ajaze maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili, lakini aache mfuko ulegee kidogo. Afunge miwili miwili, na pembe za chini azikunje au kuzifunga, maana samaki mdogo hujikamata humo akakosa kugeuka. Timboroa usiku ni baridi kali pia. Boksi la povu liwe nene, lile lile linalobeba minofu ya mputa (sangara) kwenda ng'ambo, mfuniko ubandikwe utepe pande zote, na kondakta aliweke ndani pamoja na abiria, si kwenye buti karibu na injini.

Muuzaji huyo huyo umuulize kama aliwanyima chakula kabla ya kuwafunga. Siku moja au mbili bila kula hakumdhuru samaki mzima, na tumbo tupu linachafua maji ya mfuko kidogo sana kuliko tumbo lililoshiba. Mwambie pia asimfunge samaki ambaye hajamwona akila kwake.

Karatasi usizipuuze. Kuingiza samaki hai Uganda kunahitaji kibali cha wizara yetu ya kilimo, ufugaji na uvuvi, na cheti cha afya kutoka upande wa Kenya. Ukikosa, boksi litakaa mpakani huku amonia ikipanda, na pale Malaba hakuna atakayejua kwamba ndani kuna kiumbe anayehesabu saa.

Sasa siku zinazofuata. Siku ya kwanza usimlishe. Siku ya pili mpe kidogo sana, kamba wadogo wa barafu walioyeyushwa au artemia (vijidudu vya maji ya chumvi) walioanguliwa, na kisichoguswa kwa dakika tano ukitoe. Pima amonia kila asubuhi. Mwache humo wiki nne kwa uchache, sita ni bora, hata kama anaonekana mzima na moyo wako unataka kumwona kati ya mawe. Adui unayemsubiri ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, chenye kuleta vidoa vyeupe vidogo mithili ya chembe za chumvi. Hudondoka kutoka kwa samaki, hujificha chini ndani ya ganda, kisha huanguliwa kwa mamia siku au wiki kadhaa baadaye. Ndiyo maana mtu huona vidoa vimepotea akafurahi, halafu vinarudi vingi zaidi. Mpwa wangu, kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, anajulikana duniani kote kwa kushikwa na ugonjwa huu kuliko karibu samaki yeyote wa akwariamu.

Hapo nakuja kwa Mama Rayyan. Ana haki nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Wapo samaki ambao kuwaleta Kampala ni kuwaleta kufa hata ukifuata kila nilichosema. Kangaja yule hukua kupita sentimita 20 na maisha yake ni kuogelea mwendo mrefu. Lita 300 kwake ni kifungo. Vipepeo wengi hula matumbawe hai na si kitu kingine. Chaetodon trifascialis, kwa mfano, atakufa njaa mbele ya chakula kizuri kabisa. Chaetodon auriga hukubali chakula kigeni kirahisi, lakini naye anataka nafasi kuliko uliyo nayo. Samaki msafishaji mwenye mstari mweusi ubavuni, Labroides dimidiatus, anauzwa sana kutoka pwani yetu, na wengi wao hukonda mpaka kufa kwa sababu tangi la nyumbani halina samaki wa kutosha wa kuwasafisha. Hao wote waache huko waliko, wala usishawishike na bei.

Wale wadogo wa machungwa, Amphiprion akallopisos, ni wa maji yetu haya ya Bahari ya Hindi, wagumu, na tangi lako linawafaa. Ndugu zao Amphiprion ocellaris huzalishwa vitalu vingi duniani. Hao hawajawahi kuiona bahari, wamezoea chakula cha kopo tangu utotoni, na ukimwonyesha Mama Rayyan samaki wa namna hiyo nadhani mtakuwa na maongezi tofauti. Agiza wachache, wawili kwa wakati, ili beseni moja na sponji moja viwatoshe.

Limebaki jambo la haraka. Waliosalimika wameingia tangini kwako bila karantini, kwa hiyo lolote walilobeba wamelileta. Waangalie kila siku chini ya mwanga wa ubavuni, hasa kwenye mapezi, na usikilize tabia: kujikuna kwenye mawe, kukataa kula, kukaa mbele ya pampu wakihema. Ukiona vidoa, usitie dawa ya shaba tangini, itaua kamba wako na kunywewa na mawe. Hamisha samaki wote, pamoja na yule wa buluu, kwenye beseni watibiwe huko, na tangi libaki bila samaki hata mmoja kwa zaidi ya miezi miwili ili vimelea vikose wa kumshika. Kamba watakaa salama humo. Sponji itie tangini leo hii, usingoje kuona dalili, kwa maana siku ya kuihitaji haitakupa wiki nne za kujiandaa.

Mjomba